Mji Uliokaa Kifuani

Kikohozi kilitangulia. Kabla ya mwanga, kabla ya paa la mabati, kabla Sengondo hajakumbuka kwamba ana macho, kilisikika kikohozi kikavu chenye mawe ndani yake. Kilipanda kutoka mahali pa chini sana, kikagonga na kugonga tena kama mgeni anayebisha mlango anaoujua, kisha kikatulia. Sengondo alilala akijikagua. Koo lake lilikuwa laini. Kifua chake kilikuwa kimetulia kama maji ya mtungi. Ubavuni pake mkewe, Nakijwa, alipumua taratibu, mkono mmoja juu ya tumbo lililokaribia siku zake. Hakukohoa yeye, wala hakukohoa mkewe.

"Umeamka mapema," Sengondo alisema, akiitazama dari.

"Unasema na mimi?" Nakijwa aliuliza bila kufumbua macho.

"Nasema na Sengondo."

"Mwambie anyamaze leo. Leo ndiyo siku ya kupimwa, na hakuitwa yeye."

"Aliyeitwa ni nani, kama si Sengondo?"

Nakijwa aligeuka upande wa pili, na tumbo lake likamfuata polepole.

Jambo hili lieleweke mapema, lisije likamchanganya mtu huko mbele. Kwa watu wa kwao Sengondo, jina halitolewi kama zawadi. Hukabidhiwa kama nyumba. Anayekabidhiwa huingia humo na kukuta vyote vilivyoachwa: ng'ombe na madeni, wake na maadui, makovu, safari, aibu. Na akishaingia hasemi "babu yangu alifanya." Husema "nilifanya." Kijana asiye na unywele kidevuni atakaa mbele ya wazee aseme, "Mwaka nilipooa, mvua ilikataa kunyesha," na wazee wataitikia kwa vichwa, kwa sababu aliyeoa ni jina, na jina liko pale mbele yao linavuta pumzi na kula wali. Huko hakuna anayekufa kabisa mpaka jina lake limkose mbebaji. Na jina humkosa mbebaji kwa njia moja tu: mbebaji aulizwe juu ya jambo ambalo jina lake lilitenda au lilipata, naye aseme hapana. Akisema hapana, amelitua. Na jina lililotuliwa chini halina desturi ya kuinuka lenyewe.

Sengondo wa kwanza alishuka kutoka milimani akiwa kijana, akafika mahali ambapo Mji ulikuwa haujawa Mji, palikuwa na genge la kuchimbia mawe tu na watu wenye nyundo. Alivunja mawe ya msingi. Alipomaliza, waliokuja kukaa juu ya msingi ule walimwambia asante, nenda kwenu. Akarudi milimani na kifua kilichojaa vumbi la Mji. Alikohoa misimu mitatu, akakohoa damu, akafa ameketi, kwa kuwa kila alipolala vumbi lilimkaba. Kwa hiyo Sengondo huyu tunayemfuata, mwenye meno yote na mapaja ya mkimbiaji, alikuwa amekwisha kukohoa damu na amekwisha kufa, na yote mawili aliyavaa kama mtu anavyovaa kanzu ya harusi.

Sasa alikuwa ameurudia Mji kuuomba ukaazi wa kudumu.

Mji ule haukutamkwa jina. Waliokuwa ndani yake walisema tu "Ndani." Waliokuwa wakingoja walikaa pembeni yake, kwenye mtaa mrefu wa vyumba vya mabati ulioitwa Baraza. Huko kwao Sengondo, mgeni huketishwa barazani, huletewa maji ya kunywa, kisha huambiwa pita ndani. Mji ulikuwa umejifunza nusu ya kwanza ya adabu hiyo. Ulikuketisha. Maji ulikuletea pia. Halafu ukasahau, au ukajifanya umesahau, na wewe ukakaa pale na gilasi mkononi mpaka watoto waliokukuta wakawa wazee na wazee waliokukuta wakawa watoto, kwa maana saa za Baraza hazikukubaliana. Kila ukuta ulikuwa na saa yake, na kila saa ilikuwa na hakika.

Na vumbi la Baraza halikushika nyayo. Ungeweza kukanyaga kwa nguvu zako zote, ukigeuka nyuma utakuta vumbi limelala kama shuka lililotandikwa sasa hivi. Wageni wengine waliona ni usafi. Sengondo aliona ni matusi. Mtu anapita asubuhi na jioni, anabeba maji, anaoa, anazika, na ardhi inasema: sijaona mtu. Aliyepewa ukaazi wa kudumu, vumbi lilianza kumshika siku ile ile. Mtoto naye alifuata mguu wa mama: mama akikanyaga Ndani, mtoto alizaliwa ana nyayo, mama akiwa bado Baraza, mtoto alizaliwa akiwa mgeni wa mahali alipozaliwa. Ndiyo maana Nakijwa alilala mkono juu ya tumbo. Alikuwa kama mtu anayezuia mlango usifunguke kabla ya mwenyeji kufika.

Kilichobaki kilikuwa kimoja, kipimo cha mwili. Mji haukuuliza unapenda nini wala unajua nini. Uliuliza mwili. Ulichukua damu kidogo, ukachukua picha ya kifua, kisha Mpimaji akauliza maswali kwa mdomo. Aliyejibu hapana kwa yote, na picha yake ikawa safi, aliingia siku hiyo hiyo. Aliyejibu ndiyo alirudi Baraza na maswali zaidi.

Jua lilipopanda, Shangazi Nambua alifika kuwafanyisha mazoezi.

Alikuwa dada wa baba yake Sengondo, naye alipimwa zamani akafaulu. Alikuja na gauni lililopigwa pasi, na nyuma yake, kutoka mlango wa Ndani hadi kizingiti chao, msururu wa nyayo ulionekana wazi kwenye vumbi, kila kidole mahali pake. Watoto wa Baraza walikuwa wakizifuata nyayo zile kwa macho bila kuthubutu kuzikanyaga. Kwa damu Nambua alikuwa shangazi. Kwa jina alikuwa binti, kwa sababu Sengondo ni jina la baba yake mzazi. Zamani, kabla ya kupimwa, alimpigia magoti kijana huyu na kumwita baba. Siku hizi alimwita "wewe."

Aligeuza ndoo, akaketi juu yake, akakunja mikono.

"Haya. Mimi sasa si shangazi yako. Mimi ni Mpimaji. Vua shati."

"Nimvulie shati mtoto niliyembeba mgongoni?"

"Wewe, usinianze."

"Nimeanza zamani, binti yangu. Wewe ndiye uliyeacha."

Nakijwa, aliyekuwa akipasha pasi ya mkaa pembeni, aliinamisha uso ili asionekane akicheka.

"Nasema vua," Shangazi alisema, naye akavua. "Simama wima. Usitoe kifua kama jogoo, hawataki jogoo. Sasa nakuuliza. Umewahi kuugua kifua, au kukohoa kwa muda mrefu, au kukohoa damu?"

"Ndiyo."

"Hapana. Unajibu hapana."

"Nilikohoa misimu mitatu, Nambua. Wewe ndiye uliyenishikia bakuli."

"Nilimshikia bakuli baba yangu."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni mtoto wa kaka yangu, mwenye mapafu mazima, na mke mjamzito, na kichwa kigumu. Neno lenyewe fupi. Ha-pa-na. Hata mtoto anaanza kulisema kabla ya kusema mama. Mimi nililisema. Nambua niliyerithi jina lake alikuwa na ukoma. Nikaulizwa, umewahi kuugua ngozi, nikasema hapana, mlango ukafunguka, mbingu haikuanguka."

"Na usiku?"

"Usiku nini?"

"Anakuja bado? Nambua uliyemrithi?"

Shangazi alilisawazisha gauni lake magotini, ingawa halikuwa na kunyanzi. "Nalala vizuri sana," alisema. "Nalala kama gogo. Hakuna anayekuja kunisumbua."

Hapo mlango ulisukumwa na jirani yao Mkwizu, mtu mpana mwenye utando mweupe juu ya mdomo. Naye alikuwa na kipimo siku hiyo.

"Hodi, wenyewe. Nimekuja niwaage. Tangu juzi sijala kitu, nakunywa maziwa tu. Maziwa matupu. Wakipiga picha kifua changu kitatoka cheupe, kama kanzu ya Idi."

"Mkwizu," Shangazi Nambua alisema, "picha nzuri ya kifua ni nyeusi. Cheupe ndicho ugonjwa."

Mkwizu alilitazama jagi alilokuwa nalo mkononi kama mtu aliyesalitiwa na ndugu.

"Nani alisema nyeusi?"

"Eksirei yenyewe ndivyo ilivyo. Hewa hutoka nyeusi."

"Basi," Mkwizu alisema baada ya kufikiri, "kahawa bado nina muda wa kuinywa?"

Nakijwa alicheka mpaka akashika ukuta. Sengondo naye alicheka, na katikati ya kicheko akamwona shangazi yake akimtazama, si kwa macho ya Mpimaji tena. Macho yale yalikuwa ya msichana mwenye bakuli.

"Tafadhali, baba," alisema kwa sauti ndogo. "Sema hapana."

Neno lile, "baba," lilitua katikati ya chumba. Wote walilisikia. Shangazi Nambua alilisikia kuliko wote. Aliinuka, akairudisha ndoo mahali pake, akatoka nje kungoja. Mlangoni aliuliza kama Nakijwa naye asingependa kufanyishwa mazoezi. "Mimi nitajibu nikiulizwa, shangazi," Nakijwa alisema, akimpa mumewe shati lenye joto la pasi.

Hapana. Neno dogo. Dogo kama kokoto. Lakini nyumba haianguki kwa mwamba, huanguka kwa kokoto iliyotolewa chini. Nikisema hapana, nani alivunja mawe? Nikisema hapana, mawe yalijivunja. Msingi ulijijenga. Mji ulishuka kutoka mbinguni ukiwa umepakwa chokaa. Hapana, na mtu mmoja anafutwa kitini akiwa ameketi. Lakini mtoto. Lakini mtoto. Je, ni baba gani anayemwingiza mtoto nyumbani kwa kumtoa babu dirishani? Na ni baba gani anayemwacha mtoto aingie bila yeye ili mfu apate kiti?

Hivi ndivyo Sengondo alivyokuwa akijisemea njiani, wote wanne wakitembea, Mkwizu akiwamo, Shangazi mbele akiacha nyayo na wao watatu nyuma wasiache kitu.

Nyumba ya Vipimo ilisimama mahali ambapo Baraza liliishia. Ilikuwa ya mawe ya kijivu, makubwa, na juu ya kila jiwe palikuwa na alama za patasi. Walipoambiwa wangoje kwenye benchi la nje, Sengondo hakuketi. Alikwenda ukutani akaweka kiganja juu ya jiwe moja. Alama za patasi zilipita chini ya vidole vyake, naye akajua, kama mtu anavyoujua mwandiko wake, kwamba mgongo uliopiga jiwe hili ulikuwa unauma upande wa kushoto. Kwamba siku hiyo kulikuwa na upepo. Kwamba mpigaji alikuwa na njaa na alikuwa akiimba. Jua likahama. Benchi likaondoka, watu wakaondoka, ukuta ukashuka ukawa rundo, na yeye akasimama ndani ya genge na nyundo mkononi, vumbi jeupe kwenye kope, kwenye meno, kwenye uji. Hakuogopa. Alikuwa na nguvu. Kila jiwe lililopasuka lilimwambia: wewe ndiwe. Akaimba, na wimbo ulikuwa umemngoja muda wote huo ndani ya jiwe:

Nilivunja jiwe gumu, vumbi likanipokea,
Likaingia kwa zamu, kifuani kuenea,
Mji ulikunywa damu, kiu ikaendelea,
Leo wauliza sumu, ni wapi ilitokea.

"Sengondo," mtu alimwita mlangoni, na ukuta ukasimama tena.

Mpimaji alikuwa kijana kama yeye, mwenye kucha safi na sauti ya mtu aliyefundishwa kutomtisha mgonjwa. Alimchoma sindano kwa upole. Akamsimamisha mbele ya ubao baridi, kidevu juu, mabega mbele, akaenda nyuma ya kioo.

"Vuta pumzi. Ishike."

Akaishika. Na ndani ya pumzi ile iliyoshikwa, Sengondo aliingia mahali pasipokuwa na saa. Alifikiri: sasa Mji unanitazama ndani. Hakuna aliyewahi kunitazama hivi, si mama yangu, si mke wangu. Unapita kwenye ngozi kama mwanga kwenye pazia, unatafuta kitu cha kunikatalia. Lakini mtazamaji naye hutazamwa. Nani mkaazi wa nani hapa? Mimi naomba nikae ndani ya Mji, na Mji ulikwisha kukaa ndani yangu bila kuomba, bila kupimwa, bila kuulizwa kama umewahi kuugua. Uliingia chembe kwa chembe, ukajenga kuta kwenye mapafu yangu, ukaweka taa, ukaweka walinzi, ukakaa humo mpaka nilipokufa, na nilipokufa ulizikwa nami. Huo ndio ukaazi wa kudumu. Mimi siji kuomba chumba. Nimekuja kuona kama mpangaji wangu ananikumbuka.

"Achia."

Picha ilipotundikwa kwenye taa ilikuwa nyeusi, nyeusi nzuri, ya udongo wa mfinyanzi, na mbavu zilipanda juu yake kama ngazi. Mpimaji aliitazama kwa furaha ya kweli.

"Safi kabisa, Bwana Sengondo. Kifua kama hiki sikioni kila siku. Sasa maswali machache, kisha uende zako. Umewahi kuugua kifua, au kukohoa damu?"

Nje mtu alipiga chafya. Sengondo alisikia damu ikitembea masikioni. Alilitafuta lile neno fupi, na kweli alilipata, lilikuwa tayari, limepigwa pasi. Alilitazama. Kisha akaliweka chini.

"Ndiyo."

Kalamu ya Mpimaji ilisimama. "Lini?"

"Nilipokuwa nikivunja mawe ya nyumba hii."

"Nyumba hii ina umri mkubwa kuliko wewe."

"Kuliko mwili wangu. Ndiyo."

"Ulitibiwa wapi?"

"Sikutibiwa. Nilikufa."

Mpimaji aliiweka kalamu mezani. Hakukasirika. Alisogeza kiti karibu, akateremsha sauti. "Bwana Sengondo, nisikilize. Picha inasema hapana. Damu yako, naamini, itasema hapana. Mdomo wako tu ndio unaosema ndiyo. Nikiandika ndiyo, siwezi kukupitisha leo. Kwa hiyo nitakuuliza tena, kana kwamba sikuuliza. Mwili huu uliosimama hapa umewahi kukohoa damu?"

"Unauliza mwili au unauliza mwenye mwili?"

"Kazi yangu ni mwili."

"Basi ungeuliza mwili, nao umekwisha kukujibu pale kwenye taa. Umeuliza mdomo, na mdomo ni wa jina." Sengondo alivaa shati lake, akafunga vifungo kimoja kimoja, bila haraka. "Ndugu yangu, sikudharau. Umenisemesha kwa heshima. Lakini ukuta ulioegemeza mgongo wako nimeuchonga mimi, na kila pumzi niliyovuta nikiuchonga iliingia na sehemu yake. Kabla Mji haujakipima kifua changu, kifua changu kiliupima Mji. Kilipata uzito wake kamili. Ukitaka nikae Ndani kwa kusema sikuwahi kuwa hapa, huo si ukaazi. Huko ni kuazimwa. Andika ndiyo."

Mpimaji aliichukua kalamu. Kisha akaandika. Kisha akafungua kabati, akatoa kikopo kidogo chenye kifuniko.

"Basi utakohoa, uteme humu. Makohozi yako tutayaweka kwenye sanduku la joto, tuone kama kuna kitakachoota."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka kiote, au mpaka tuwe na hakika hakioti. Utangoja Baraza."

Sengondo alikishika kikopo akaanza kucheka, kicheko cha chini, cha mtu aliyeshinda jambo asiloweza kulieleza. Mji uliomnyima Sengondo hata godoro la kufia ulikuwa sasa unamtandikia kikohozi chake mahali pa joto, uketi juu yake kama kuku juu ya yai. Alijaza kifua. Akakohoa. Na kilichotoka kilikuwa kikavu, chenye mawe ndani yake, hata Mpimaji akarudi nyuma hatua moja. Sengondo alifunga kifuniko, akakabidhi kikopo kwa mikono miwili, kama mtu anavyokabidhi mahari.

Nje, foleni ilikuwa imekua mpaka kwenye jua. Mkwizu alikuwa benchini akijipapasa tumbo lililokuwa likinguruma. Shangazi Nambua alisimama kando yake. Nakijwa alikuwa wa kufuata.

"Umejibu nini?" Nakijwa aliuliza.

"Nimejibu."

"Najua umejibu. Nimeuliza nini."

"Ndiyo."

Shangazi Nambua aliketi kwenye ngazi za mawe polepole. Nakijwa hakulia wala hakumlaumu. Alimtazama mumewe kama mtu anayepima kitambaa.

"Kwa hiyo tunangoja," alisema.

"Mimi ndiye ninayengoja. Wewe..."

Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lile lile, fupi, lililopigwa pasi. Wewe sema hapana, uingie na mtoto. Lilimfika mdomoni kirahisi mno, na kwa urahisi ule akashtuka.

"Malizia," Nakijwa alisema.

Hakumalizia.

"Mimi pia nina jina," alisema Nakijwa. "Unalijua. Umeliita kila siku tangu uliponioa, na hujaniuliza hata siku moja lilipata nini. Basi leo nakwambia. Nakijwa alipojifungua mara ya kwanza alirukwa na akili. Alimkimbia mtoto, akala udongo, akawatukana wakwe. Wakamfunga kamba kwenye nguzo ya nyumba. Alikaa hapo mpaka siku moja aliposema, nifungueni, mtoto ana njaa. Akalea, akazeeka. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikisema: nilifungwa kamba nikarudi. Nyanya wote wa kwetu walikuwa wakinipigia vigelegele. Nilipokuja kwenu niliacha kulisema, maana wewe ulikuwa na kikohozi cha mawe, na kikohozi cha mawe kinatungiwa mashairi. Wazimu wangu ungetungiwa na nani?"

Sengondo alihisi uso ukimchoma. Alikuwa amejiona amebeba fahari ya watu wake wote begani, kumbe alikuwa amebeba kigoda cha mtu mmoja, na mkewe alikuwa amesimama miaka yote hiyo.

"Humo ndani wataniuliza kama nimewahi kuugua akili," Nakijwa aliendelea. "Nikisema hapana, mimi na huyu tunalala Ndani leo. Nikisema ndiyo, sijui tutalala wapi, wala lini."

"Utasema nini?"

"Sijui. Na usiniambie la kusema."

"Sikuambii."

"Lakini nataka nijue kitu kimoja kabla sijaingia. Nikilitua pale, litaokotwa na nani?"

Mlangoni waliita: "Nakijwa."

Shangazi Nambua aliinua kichwa. Hakuwa ameitwa yeye, lakini aligeuka haraka, na macho yake yakaenda kwa Sengondo yakatulia hapo, yakingoja. Kwao mwanamume habebi jina la kike. Haijawahi kutokea, hata kwenye michezo ya watoto. Jina la mwanamke likituliwa, limetuliwa. Sengondo alijua hivyo, Nakijwa alijua hivyo, na Mkwizu, aliyekuwa mtu wa nchi nyingine kabisa, alilisoma jambo hilo kwenye nyuso zao akaacha kujipapasa tumbo.

Sengondo alipanda juu ya benchi. Hakupaza sauti sana. Alisema kwa sauti inayotosha kufika mwisho wa foleni.

"Mimi ni Sengondo, niliyevunja mawe ya nyumba hii nikafa nimeketi. Mbele yenu nyote namwahidi mke wangu: akisema ndiyo, nitangoja naye, na akilitua jina lake humo ndani, nitaliokota mimi, pamoja na kamba zake na nguzo yake na siku aliyorudi. Na mtu yeyote wa Mji huu, mwenye kalamu au asiye na kalamu, akiniuliza mimi kama nimewahi kurukwa na akili, nitamjibu: ndiyo, nilipojifungua mara ya kwanza."